Siku Baba Alipokataa Kuingia Ndani

Juzi nilimtembelea rafiki yangu Nairobi. Nilipofungua dirisha lake nilikuta ukuta wa ghorofa jirani, karibu hata nikaugusa kwa mkono. Nikamkumbuka Baba.

Nilipokuwa mtoto yeye alifanya kazi huko, nasi tuliishi katika mji mdogo wa Wote. Alasiri moja alikuja likizo, akakaa uani bila shati. Mvua ikaanza, udongo ukanukia, naye hakuingia ndani.

"Mwacheni," Mama alisema akigeuza chapati. "Amechoka kufungiwa."

Nilidhani ametoka jela. Nikamfuata mvuani, nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Baba, walikufunga kwa nini?"

Alicheka sana, kisha akafuta maji usoni.

"Si jela, mwanangu. Jela mtu huambiwa siku ya kutoka."

Jumatatu alirudi Nairobi.