Albamu ya Nyimbo Nane

Kila mwaka ukiisha, mimi na mdogo wangu wa kiume tulikuwa tunachagua albamu tano. Si za wakubwa wenye lebo na walinzi, hao redio inawatosha. Sisi tulitafuta za wanaojitegemea, waliorekodi kwenye chumba chenye magodoro ukutani, wakaziweka mtandaoni wenyewe au wakazipeleka kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi. Mimi nipo Nachingwea, fundi cherehani. Yeye alikuwa Ruangwa, na alikuwa na kibanda cha namna hiyo karibu na stendi. Tarehe mosi Januari ananipigia, namsomea tano zangu, ananisomea zake, halafu tunagombana mpaka salio linakata.

Sheria aliiweka yeye. Huruhusiwi kuihukumu albamu kabla hujaisikiliza mwanzo hadi mwisho, bila kuruka wimbo. "Dada, ukiruka hujasikiliza, umeonja tu," alikuwa anasema. Mimi nikimwita hakimu wa mahakama ya mwanzo. Sheria yake ilikuwa inanikera, maana mimi ndiye niliyemfundisha kusikiliza, kwa redio ya marehemu mama, yeye hajaanza hata shule. Sikupenda kufundwa na mtu niliyemfunda.

Mwaka uliopita akatoa ya kwake. Alikuwa na sauti ya kawaida, nisimpambe kwa kuwa hayupo, lakini alijua kupanga maneno, Kiswahili na Kimwera mle mle, na hujui kimoja kimeishia wapi. Tangu masika alikuwa ananiambia: nyimbo tisa, na wa tisa wa mama. Oktoba akanitumia kwa simu, zote kwa mkupuo, na ujumbe mmoja: "Dada, hii usinionee huruma."

Oktoba kwetu ni korosho. Mama alituachia mikorosho Ruponda, na mimi ndiye ninayeihangaikia. Alfajiri uko shambani umeinama, unaokota, unanyonga bibo korosho itoke, unaanika, unachambua, ukirudi mgongo si wako. Jioni ile niliweka simu kifuani nikabonyeza. Nilisikia wimbo wa kwanza na nusu ya wa pili, usingizi ukanibeba. Kesho yake hivyo hivyo, wimbo wa kwanza na nusu ya wa pili. Basi nikaacha.

Baada ya wiki akapiga.

"Dada, umeisikiliza?"

"Nimeisikiliza."

"Yote?"

"Yote. Unanihoji kama polisi?"

"Upi umekugusa?"

Hapo ningeweza kusema, mdogo wangu, nimechoka, nipe mwezi mmoja. Sijui kiburi au aibu, dada mtu atakamatwaje na sheria ya mdogo wake? Nikakumbuka habari za wimbo wa tisa.

"Ule wa mama," nikasema. "Wa tisa. Nimelia, mdogo wangu."

Akasema, "Asante, dada. Pumzika, msimu bado mrefu." Nami nikarudi kwenye korosho zangu nimeridhika kabisa, naona nimempa furaha ya bure.

Korosho zilipoisha mvua zikaanza, na malaria ikampanda kichwani. Siku nne tu. Nilitoka Nachingwea na kanga moja nikijua naenda kumuuguza, nikafika Ruangwa wanaume wameshaenda kuchimba kaburi.

Kwetu msiba usio na watani haujawa msiba. Wao wana ruhusa ya kusema yale ambayo sisi wengine tunayameza, na hukasiriki, ukikasirika unaongezewa. Siku ya pili ya matanga akaingia mtani wetu mmoja wa Chinongwe, rafiki wa marehemu tangu utoto. Amevaa kofia ya mdogo wangu, ameshika mwiko kama maikrofoni, anatembea kwa ule mwendo wake wa kuvuta mguu. Watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu nifike.

"Jamani, mimi ni msanii mkubwa," akasema kwa sauti ya mdogo wangu. "Nina dada Nachingwea, fundi wa kusikiliza. Hapitwi na kitu. Nimempelekea albamu ina nyimbo nane. Yeye amelia kwa wimbo wa tisa."

Uwanja mzima ulilipuka. Bibi mmoja alishika ubavu. Mtani akaja mbele yangu, akaniwekea mwiko mdomoni: "Hebu tuimbie huo wa tisa, tuusikie na sisi."

Nilikaa pale, mwiko mdomoni, na watu wakadhani nalia kwa msiba. Nilikuwa nalia kwa aibu. Mdogo wangu alijua. Miezi miwili alijua, na kila aliponipigia simu aliniuliza habari za mgongo na mvua, hakuniuliza tena habari ya albamu.

Baada ya arobaini, redio za nyumba ile zikafunguliwa, nikabaki na wifi yangu jikoni tunachambua mchicha. Nikamuuliza, wimbo wa tisa ulienda wapi?

"Hakuurekodi," akasema. "Alikwenda studio mara mbili. Kila akifika kwenye jina la mama, sauti inakatika. Akasema basi, ziwe nane."

"Na nilipomdanganya, alicheka?"

Wifi yangu si mtu wa kupaka mafuta. "Kwa watani alicheka. Humu ndani hakucheka. Alisema, msimu wa korosho, dada amechoka. Halafu akaniuliza, hivi angeisikiliza kweli, angeipa ya ngapi?"

Nimerudi Nachingwea. Korosho hakuna, nguo za kushona chache. Nimesikiliza albamu zote za mwaka uliopita, mwanzo hadi mwisho, cherehani imenyamaza.

Ya kwanza ni ya mama mmoja wa upande wa Masasi, gitaa na sauti tu, kuku wanasikika nyuma na hakujali kuwafukuza. Ya pili ni ya vijana wanne wa Lindi wasiotumia mashine, ngoma na viganja, wanaimba kama wanaelezana siri. Ya nne ni ya kwaya moja ya Mnero. Mimi Mwislamu, lakini ile sauti ya pili ya wanawake wale inanifuata mpaka sokoni. Ya tano ni ya binti wa Dar anayeimba kwa hasira, nyimbo tatu za mwisho ni hovyo.

Ya mdogo wangu nimeisikiliza mara kumi na moja, sijaruka. Wimbo wa sita besi imezidi, inafunika maneno. Wa tatu ungekuwa mfupi ungekuwa bora. Wa nne na wa nane ni kazi ya mtu aliyejua anachofanya, na sikujua kama alikuwa amefika hapo. Sijamwonea huruma.

Ya tatu, mdogo wangu. Ningekupa ya tatu.