Mshale wa Bawasiri

Siku wakwe walipokuja kumposa dada Vibha, ukuta wetu wa mbele ulikuwa umeandikwa BAWASIRI. Herufi kubwa kuliko mlango.

Aliyeruhusu ni mimi.

Asubuhi mchora matangazo kapiga hodi, ndoo ya rangi mkononi. "Dada, ukuta wenu uko wazi. Nichore?"

Mimi nikisemeshwa na mgeni, ulimi unahama mji. Nikayumbisha kichwa kulia kushoto. Nilimaanisha "sijui, ngoja mama arudi sokoni." Yeye akaelewa "sawa kabisa." Kwetu Hardoi, kichwa hichohicho kinabeba yote mawili.

Nikarudi kukaanga samosa. Mara nasikia mama kapiga ukunga nje.

BAWASIRI? USIJIFICHE! TABIBU YUPO. Chini, namba ya simu na mshale mwekundu. Unaelekea mlangoni kwetu.

"Nani kamruhusu?"

Nikakagua vidole vyangu vya miguu.

"We mtoto! 'Hapana' moja tu ingekung'oa jino?"

Dada Vibha akaangua kilio, wanja wote mashavuni. Posa mbili zilishavunjika. Hii ya tatu.

Nikakimbilia shuka tufunike. Rangi mbichi! Shuka ikanasa, kuibandua nayo imeandikwa BAWASIRI.

Gari la wakwe hilo.

Mzee Tripathi, baba wa bwana harusi, akasoma ukuta wote, mpaka mshale. Ndani akakataa kiti. Chai kanywa kasimama. Samosa kala kasimama. Mama ananikata jicho. Nikajua kwisha habari, dada kaozea nyumbani kwa kichwa changu.

Mara mzee akamvutia baba pembeni, palepale nilipojibanza na trei.

"Shuklaji, nisitiri. Huyo tabibu... ni wewe?"

"Hapana, mzee wangu, wamekosea nyumba. Ila achana na hao wa ukutani. Nitakupeleka hospitali, kwa daktari aliyenitibu mwaka jana."

Mama alikuwa mlangoni. "Mwaka jana? Si uliniaga unaenda kuhiji Haridwar, kuoga mto Ganga?"

Baba akachukua samosa kwenye trei yangu.

Mke wa mzee akapasuka kicheko. "Shoga, wangu anaenda Haridwar kila mwezi! Hawa washakuwa ndugu. Leteni pete."

Harusi ni Februari. Mimi nafanya mazoezi ya kusema hapana. Nimeanza na mbuzi wa jirani, hanisikii.

Somo, wapendwa: usisimame kucheka tangazo la ukutani. Nyuma yako kuna mtu anasubiri uondoke, anakili namba.