Bandama Lililowekwa Kinyume

Nguruwe wa Toader alichinjwa siku ya Mtakatifu Ignati, Krismasi ikiwa inabisha hodi, kama nguruwe wote wa kijiji. Dada yake mkubwa, Safta, ndiye aliyeitwa kuosha matumbo. Beseni na maji baridi vilikuwa vyake tangu utotoni. Kukaa mezani kulikuwa kwa Toader. Hata baba yao alipofariki, baada ya Safta kumuuguza miaka na miaka, nyumba na farasi vilimwendea Toader. Safta alibaki na kibanda cha pembeni na ng'ombe wawili.

Nyasi za ng'ombe hao zilikuwa bado zimerundikwa juu mlimani. Theluji nzito ikianguka kabla hazijashushwa, njia ingefungwa na wanyama wangekufa njaa.

Kwa hiyo Safta alilitoa bandama kwa uangalifu. Kule kwao, bandama la nguruwe ndilo linalosema baridi itakuwaje: upande wa kichwa ni mwanzo wa majira, upande wa mkia ni mwisho, na palipo nene ndipo penye theluji nyingi. La mwaka huo lilikuwa nene kichwani na jembamba mkiani. Toader akalibeba ndani kwa wanaume, mkono wa pili umeshika glasi ya pombe ya plamu. Safta alipoingia na sinia la nyama, alikuta limelazwa mezani kinyume.

"Mwanzo mwembamba!" Toader alikuwa akitangaza. "Theluji yenyewe itakuja karibu na Pasaka. Kunyweni, jamani."

"Umeligeuza," Safta akasema. "Hapo ulipolaza mkia ndipo pa kichwa."

"Umejuaje, dada? Lilikukonyeza?"

Wanaume wakacheka mpaka meza ikatikisika.

"Nimelikata mimi. Wewe ulikuwa unatafuta glasi. Nipe farasi kesho nishushe nyasi, na zako nitakushushia."

"Farasi anapumzika mpaka sikukuu ziishe. Nawe pumzika, dada. Hasira zitakumaliza."

Safta hakubishana. Alikuwa ameshabishana na nyumba hiyo vya kutosha maishani. Asubuhi alimfunga nira Florica, ng'ombe wake wa maziwa, akamtia kwenye kigari cha kuteleza na kumpandisha mlimani. Jirani mmoja akamwita toka dirishani: "Safta! Kesho utamfunga nani, kuku?"

"Nitakufunga wewe, ila huna nguvu za Florica!"

Florica alikuwa mzito wa mwendo na maziwa yakapungua, lakini alivuta. Wakapanda na kushuka, siku baada ya siku. Dari la zizi lilikuwa karibu kujaa nyasi pale upepo ulipogeuka na theluji ikaanza kumwagika kama unga kutoka gunia lililotoboka. Rundo dogo lilibaki juu. Safta aliliacha bila kuangalia nyuma.

Theluji haikupumzika hata Krismasi. Ilizika uzio, ikapanda madirishani, na njia ya mlimani ikapotea kabisa. Mwaka Mpya ulipopita, Toader alikuja akijichimbia njia kwa sepetu, masharubu yameganda.

"Dada, farasi anaguguna mbao za hori. Nipe nyasi kidogo tu."

"Kidogo sikupi. Utanijia kila siku na kapu."

"Basi unataka afe? Ni farasi wa baba."

"Najua ni wa nani. Mlete hapa. Atalala kwangu, atakula kwangu, na theluji ikiyeyuka atalima kwangu kwanza. Ukitaka kumwona, utamkuta zizini mwangu."

Toader akatazama dari la zizi, akipima nyasi kwa macho. "Na baridi ikiendelea mpaka Pasaka? Wanyama watatu hazitawatosha."

"Haitaendelea. Mkia ulikuwa mwembamba, niliushika kwa vidole hivi. Zitatosha na zitabaki. Nenda kamlete kabla giza halijaingia."

Toader akachukua sepetu lake, akaenda kumfungua farasi.