Mguu Usiopekuliwa

Asubuhi barabara ya Tunduma inanuka dizeli na mkojo. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia hupanga foleni ndefu, na madereva wanaolala humo hujisaidia kwenye chupa za maji, wakafunga vifuniko vizuri kama watu wenye adabu, kisha wakazitupa mtaroni. Jua likipanda, vifuniko vinafyatuka. Nimepita kando ya mtaro ule kwa baiskeli miezi mingi, lakini haukunitia kinyaa kama mzigo niliokuwa nimeufunga mwenyewe kwenye keria.

Mimi ni fundi cherehani, ile ya kukanyaga kwa miguu. Nilizaliwa Isansa, kwenye miteremko ya kahawa, nikaja kuishi Chapwa, hapa Tunduma, nilipoanza kushona. Miaka sita iliyopita pikipiki ilinigonga, nyonga ya kushoto ikavunjika, na ilipounga mguu ulikuwa umekuwa mfupi. Cherehani ikafunikwa shuka. Nikawa mtu wa kochi.

Hapo ndipo nilipolichukia neno pole. Watu walikuja nalo asubuhi na jioni, macho yao yakiwa kwenye nyonga yangu. Walimuuliza mdogo wangu kama nimekula, nami nimekaa pale pale, mdomo ninao. Jirani mmoja alinipapasa kichwa. Nina miaka hamsini na moja, nimeshonea nusu ya maharusi wa mtaa huu, na mtu ananipapasa kichwa kama mbuzi wa kununuliwa.

Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alinieleza kwamba msuli usiotumika unakwisha, na kwamba baiskeli ingenifaa kwa kuwa inabeba uzito ambao nyonga haiwezi kuubeba. Nilimcheka. Kwa vilima vyetu hivi, hata wenye miguu miwili mizima hushuka wakakokota.

Kisha shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, akaniletea baiskeli ya umeme. Ni mfanyabiashara, mtu wa mizigo, anayejua kila mtu huku na ng'ambo. Ilikuwa na betri ya kuchaji ukutani na mota kwenye gurudumu la nyuma. Ukikanyaga pedeli, mota inakuongezea nguvu. Usipokanyaga, haikusaidii chochote. Hilo ndilo nililolipenda. Haikunibeba kama mgonjwa, ilinitaka nifanye kazi kwanza.

Wiki ya kwanza nililia kwa maumivu. Mwezi wa pili nilipanda mlima wa kuelekea kwetu bila kushuka. Mwezi wa nne nikavua shuka kwenye cherehani, nikakanyaga, na sindano ikaenda. Siku hiyo nilimwombea shemeji dua ndefu kuliko niliyowahi kumwombea baba yangu. Mtaa mzima ulimsifu, na yeye alisimama katikati yao akitabasamu, anachokonoa meno.

Nikarudia safari zangu za kununua vitenge Nakonde, upande wa Zambia. Muuza vitenge wangu wa zamani alinipokea kwa salamu ya Kibemba, "mulishani, bamayo", hujambo mama, na kucheka, akaizunguka baiskeli mara mbili. Wakati wa kurudi, ofisa wa meza ya ukaguzi aliutazama mguu, akawaambia watu wanipishe. "Pita mama, pole," alisema, bila kugusa mzigo. Jioni shemeji alipita nyumbani kuniuliza kama walinipekua. Nilidhani ananionea huruma. Nikamwambia hapana, wana heshima sana. Akafurahi kupita kiasi.

Tangu siku hiyo, kila nikienda Nakonde kulikuwa na mfuko wake wa kurudi nao. Aliniambia ni vitambaa vya mteja. Nilivifunga juu ya vitenge vyangu bila kufungua, kwa sababu mzigo wa ndugu haufunguliwi, ndivyo nilivyolelewa.

Siku moja jua lilikuwa kali, na nilipofika nyumbani kitu kilikuwa kimepasuka ndani ya mfuko. Ute wa njano ulikuwa umechuruzika hadi kwenye vitenge vyangu, unanukia marashi ya bei rahisi na chuma. Nilifungua. Zilikuwa krimu za kuchubua ngozi, zile zilizopigwa marufuku, makopo kwa makopo. Naijua kazi yake. Nimewashonea wanawake kola ndefu za kuficha shingo zilizobabuka, nimewapima huku ngozi ya mabega inabaki kwenye futi yangu ya kupimia. Nilinawa mikono mara tatu na harufu haikutoka.

Nilimfuata shemeji. Alikuwa anakula chipsi mayai, mafuta yanamtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono, na hakuacha kula. Nilimwambia nimeona. Alilamba kidole kimoja kimoja, kisha akanijibu kwa upole ambao mpaka leo unanichefua.

"Shemeji, mlemavu hapekuliwi. Kwani baiskeli nilikununulia ya nini, unyooshe misuli?"

Akaongeza kwamba kama sitaki niirudishe, wapo wenye magongo watakaoipokea kwa mikono miwili. Mdogo wangu alikuwa jikoni, alisikia, akaendelea kuosha sufuria.

Niliirudisha. Nilikaa wiki mbili bila baiskeli. Nyonga ikaanza kukaza tena, asubuhi nikawa nashuka kitandani kwa kushika ukuta, na cherehani ikawa inanishinda baada ya mishono michache. Jirani wa kunipapasa kichwa akarudi. Wiki ya tatu nilikwenda mwenyewe kwa shemeji nikaichukua. Nikabeba mfuko wake nikijua kilichomo, mara mbili. Sitatafuta maneno mazuri ya kuifunika aibu hiyo. Nilijitazama kwenye kioo cha wateja na nikaona mtu aliyekubali kuuza mguu wake ili apate kuutumia.

Mara ya tatu, foleni ya ukaguzi ilikuwa ndefu. Mbele yangu kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni. Ofisa alimwaga kikapu chake chote mezani: sukari kidogo, sabuni, nepi. Akaichoma sukari kwa kalamu kuona kama kuna kitu ndani. Mtoto akalia. Kisha ofisa akainua kichwa, akaniona, sura ikalegea.

"Mpisheni mgonjwa," aliwaambia watu.

Wakanipisha. Yule mama alisogea na mtoto wake ili mimi na makopo yangu tupite. Nikapita hatua chache, nikageuza baiskeli.

Nilimwomba ofisa anipekue. Alicheka kidogo, akaniambia niende nikapumzike, jua ni kali. Nikamwomba tena. Akatazama pembeni kama vile nimevua nguo. Basi nikafungua kamba mwenyewe, nikainua mfuko, nikamwaga makopo mezani juu ya sukari ya yule mama.

Ofisa aliniuliza kwa sauti ya chini ni ya nani. Nikamtaja shemeji, jina lake na la baba yake, na duka lake lilipo. Nikajua hapo hapo kwamba mdogo wangu hataniita dada kwa muda mrefu. Ofisa akavuta karatasi, akaandika jina la shemeji, akaiweka kalamu chini.

"Wewe tuseme ulidanganywa, mama. Hukujua."

"Nilijua," nikamwambia. "Mbebaji ni mimi. Niandike."

Alisema hawezi kumwandika mtu wa hali yangu. Nikamuuliza hali gani. Nilisimama pale nimeshika ukingo wa meza, nyonga inanichoma, mpaka akaichukua kalamu. Akaniuliza jina, umri, kazi, makazi, na kila alipouliza alinitazama usoni.

Baiskeli waliizuia pamoja na makopo. Niliitazama ikisukumwa nyuma ya ukuta na kilichoniuma hakina jina, maana ile ndiyo ilikuwa miguu yangu. Niliambiwa nirudi kesho kutwa kujibu shauri. Nikashika njia ya Chapwa kwa miguu, kando ya mtaro na chupa zake. Nilipumzika mara nne. Kabla ya baiskeli ile nisingefika hata nusu.

Karibu na nyumbani kijana wa bodaboda alipunguza mwendo, akautazama mguu wangu. Akasema pole mama, panda nikusogeze bure, usihangaike na ugonjwa wako.

Nikamwambia mimi si mgonjwa, nimetoka kukamatwa. Akanitazama usoni, akatia gia, akaondoka haraka.