Sanduku la Malata la Tata Mbuyi

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu: siku niliyouza baiskeli ili ninunue sanduku tupu. Usicheke. Wewe umenionyesha kwenye simu masanduku ya kompyuta yenye vioo na taa za rangi, ukaniuliza lipi linamfaa mwenye fedha kidogo. Nisikilize kwanza.

Nilikuwa kijana, fundi umeme wa kampuni ya migodi, nikikaa mtaa wa Kapata, hapa Kolwezi. Kampuni ilikuwa inaanguka, mishahara haiji, na ofisi zikitupa kompyuta mbovu. Nikaokota vipande, nikaviunganisha, hata nikapata printa kuukuu na kompyuta nzima iliyolala wazi mezani. Kompyuta ilikosa sanduku tu. Jirani yangu Tata Mbuyi, fundi wa mabati wa kampuni hiyohiyo, aliyelingana kwa umri na baba yangu, akanitengenezea moja la malata, yaani mabati: matundu mbele, matundu nyuma, na kipande cha wavu wa mbu cha kuzuia vumbi.

"Tata, hii iko kama nyumba ya kuku," nikamwambia. "Batu batanicheka."

"Acha bacheke. Ordinatere inapumua, mutoto. Ukiifunga pua, itakufa."

Nikamshukuru kwa mdomo, nikalisukuma chini ya kitanda. Wiki ileile nikauza baiskeli, nikanunua la dukani, jeupe, lililofungwa pande zote. Nilijiona mwerevu: vumbi la migodi litapitia wapi? Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kisha watu wenye asili ya Kasai, mkoa mwingine, wakaanza kufukuzwa mkoani kwetu. Kulieleza jambo hilo kunanitia haya hadi leo. Tata Mbuyi alizaliwa hapahapa, lakini baba yake alitoka Kasai, basi majirani waliokula kwake wakamwambia arudi kwao. Mimi sikumwambia hivyo. Sikusema kitu chochote. Akahamia kituo cha treni na familia yake, wakalala pale majuma mengi, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini.

Asubuhi moja akanijia. Mkuu wake wa kazi alikubali kumsainia cheti cha miaka yake yote ya kazi katika kampuni, na bila cheti hicho hangeweza kudai pensheni popote. Lakini kilitakiwa kichapwe, na mashine za ofisi zilikuwa zimeibwa.

"Niandikie, mutoto. Mi narudia ku gare ya treni, bibi yangu iko peke na batoto. Utaniletea kule."

Ukurasa mmoja tu! Nikaandika nusu, kompyuta ikazimika. Sanduku lilikuwa la moto kama sufuria. Nikangoja lipoe, nikaanza upya, ikazimika tena. Mwishowe nikalivuta lile la malata chini ya kitanda, nikahamishia kila kitu humo, na kompyuta ikafanya kazi bila kusita, nikakichapa cheti. Lakini jua lilikwishapita utosini, na baiskeli sina. Nikakimbia kwa miguu hadi kwa mkuu, akasaini, nikakimbia tena hadi kituoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; langu halikuvunjika, ila nilifika nikichechemea.

Treni ilikuwa imeondoka. Pale walipokuwa wakipikia yalibaki mafiga na majivu. Nilikaa chini nikalia, mwanangu, mtu mzima na karatasi mkononi. Baadaye nilituma barua Kasai kwa kila msafiri niliyempata, jibu sikupata.

Basi, ukienda dukani, tazama kwanza hewa inaingilia wapi na inatokea wapi. Wavu wa vumbi uwe wa kutolewa na kuoshwa, maana vumbi la Kolwezi unalijua. Pima kama vipande vyako vitaenea, na upitishe kidole kingoni polepole, kwani bati la bei nafuu hukata. Kifaa cha kuipa kompyuta umeme kinachokuja bure ndani ya sanduku usikiamini. Rangi iwe ya mwisho kabisa, na usiuze kitu kinachokupa mwendo ili ununue cha kutazamwa. Mzee akikutengenezea kitu, kitumie angali yupo akuone. Na jirani akifukuzwa, usinyamaze kama nilivyonyamaza.

Mungu akupe mikono ya Tata Mbuyi na masikio niliyoyakosa mimi, akufungulie njia kila uendako. Na huko uendako, ukikutana na mtoto wa Mbuyi, fundi mabati wa Kapata, njoo uichukue karatasi ya baba yake. Iko kabatini. Imesainiwa.