Asubuhi za Kuokota Bowa

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua za mwanzo, mwanangu, ukiwa kichanga mgongoni mwangu. Maziwa yalikuwa yananikaukia. Ulinyonya huku unalia, nami nililia kukuona unapungua. Majirani wote wa mtaa wetu wa Ruashi walinipa ushauri: uji wa karanga, sombe ya majani ya muhogo, sala. Hakuna aliyegusa ugonjwa wenyewe, yaani mbio zangu. Nilikuwa nauza unga kutoka mpakani Mokambo, na hata nikiketi kukunyonyesha, akili ilikuwa barabarani na lori la unga.

Bibi yako, mama wa baba yako, alikuwa amekuja kutoka Mitwaba kukuogesha, maana ulikuwa mzaliwa wa kwanza. Alinitazama siku kadhaa. Kisha akachukua vikapu, akasema twende porini tukaokote bowa, uyoga wa mvua. Sikutaka, lakini nani anamkatalia mama mkwe?

Tulipozipita nyumba za mwisho nikatangulia kama mtu anayewahi treni. Nilipogeuka, kikapu changu kilikuwa kitupu. Chake kilikuwa kinajaa, na yeye alikuwa nyuma yangu kwenye njia ileile. Nilikuwa nakanyaga chakula bila kukiona.

"Mwana, ni nani iko anakukimbiza?" aliuliza. "Bowa haina na miguu. Itakungoya."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikaketi juu ya kichuguu. Hakunikemea. Alikaa kando yangu mpaka pumzi ikatulia, tukisikiliza maji yakidondoka kutoka majanini. Ukaamka. Nikakunyonyesha, na safari hii lori halikunijia akilini. Ulinyonya mpaka ukalala.

Sisemi pori linatibu kila kitu. Tulirudi asubuhi nyingi, na maziwa yakarudi kidogo kidogo. Bibi yako hakuwahi kujisifu kwa hilo, basi acha nimsifu mimi. Kila nikikutazama namshukuru.

Leo nakuona unanyonyesha mtoto wako na simu iko sikioni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mwanangu, iache simu nyumbani. Nenda penye miti kila siku unayoweza, utembee taratibu mpaka moyo uache kukimbia. Kazi utaikuta. Mtoto ndiye hatasubiri.

Mungu akupe usingizi, ayabariki maziwa yako, na akufikishe kwenye uzee wenye mtu wa kumshukuru, kama alivyonifikisha mimi.