Mashimo Thelathini na Mawili

Mtu akikwambia kwamba hesabu haina ubishi, mwambie hajaposa kwa mkwe wangu.

Wakati ule wa Mdachi nilikuwa nimemposa binti wa bwana mmoja wa Kilindoni, mtu wa mashamba, mwenye asili ya Uarabuni upande wa baba. Mwenye kuposa hakumsemesha mkwe uso kwa uso; kila neno lilipitia kwa mshenga. Na kabla ya kuozwa ulimlimia, naye akipima mkono wako na adabu yako. Mimi nikapewa miche ya minazi arobaini na minane niipande kabla masika hayajaanguka. Nikimaliza, tunafunga ndoa. Rahisi? Ah, wapi.

Mkwe alikuwa amesoma jabri, ile hesabu ya kutafuta idadi isiyojulikana, kwa sheikh mmoja wa Unguja ujanani mwake, na siku haikupita bila kutukumbusha. Hakutaka mistari ya hivi hivi. Alitaka kila mstari uwe na miche miwili zaidi ya idadi ya mistari yenyewe. Akachukua ubao barazani, mimi nimekaa pembeni nimeinamisha kichwa, akapiga hesabu kwa sauti: nusu ya mbili ni moja; moja mara moja ni moja; ongeza arobaini na nane, unapata arobaini na tisa; nayo ni saba mara saba. Mpaka hapo safi kabisa. Ilibaki kuitoa ile moja kwenye saba, apate mistari sita. Yeye akaijumlisha. Akapata nane, akaandika chini yake wallahu aalam, Mungu ndiye ajuaye zaidi, akaweka kalamu.

"Mistari minane," akamwambia mshenga. "Kila mstari miche kumi."

Lahaula! Nane mara kumi ni themanini, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba ile nane haikuwa ngeni: mistari ingekuwa sita, na kila mstari miche minane. Ndiyo maana haikumshtua. Lakini si ungelirudisha jawabu kwenye swali, bwana, ukazidisha mara moja tu? Mwalimu wetu wa skuli ya serikali kule Chole hakupokea jawabu ambalo hujalirudisha. Ulichapwa kwanza, ndipo ukaambiwa kama umepata. Mkwe alidhani wallahu aalam inatosha.

Nikamwomba mshenga amwambie, kwa upole, azidishe. Mshenga, mzee mwoga yule, akaenda, akarudi anatabasamu.

"Nimemuuliza kina cha mashimo," akasema. "Dhiraa moja."

Nikamwambia sikumtuma hilo.

"Mwanangu, wataka mke au wataka hesabu?"

Basi nikachimba mashimo themanini, dhiraa moja kila shimo, nusu yake kwenye jiwe la matumbawe, huku najua kabisa kwamba nachimba upuuzi. Nikapanda miche niliyopewa. Mstari wa tano haukujaa, na mitatu ya mwisho haikupata hata mche mmoja.

Mkwe akaja na bakora yake. Miche iliyosimama hakuitazama. Alihesabu mashimo matupu, akapata thelathini na mawili. Akasema, majirani wote wasikie, jabri haidanganyi: kama mashimo ni matupu, miche yake imeuzwa, na yeye hamwozi mwizi. Jioni mshenga akaniletea neno kwamba posa imevunjika.

Nilimpenda binti yule. Sioni haya kusema, nililia kwa hasira. Kisha adabu ikanitoka, nikaenda mwenyewe mpaka barazani kwake.

"Shikamoo, baba," nikamwambia. "Naomba jambo moja tu. Usihesabu mashimo. Hesabu miche iliyosimama."

Aliinuka, akaenda shambani, akahesabu huku akigusa kila mche kwa bakora. Arobaini na minane. Akasimama pale, midomo ikimchezacheza, nikaona dhahiri anazidisha nane kwa kumi. Uso ukambadilika. Nikasema moyoni, haya, sasa ataniomba radhi. Akageuka, akarudi nyumbani kwake.

Mshenga akaja mbio. Ndoa ipo, Ijumaa. Ila mkwe hataki watu wayaone mashimo yale wazi. Yajazwe miche kwanza, na niyajaze mimi kwa miche ya kutafuta mwenyewe.

Nikaketi chini. Nikiyaacha wazi, sina mke. Nikiyajaza, kila aliyesikia naitwa mwizi atasema mwizi amerudisha mali. Mshenga akanihimiza niharakishe, kana kwamba amenipa zawadi. Nilikwenda hadi Bwejuu kutafuta miche, nikinung'unika njia nzima, nikapanda hadi Alhamisi.

Ijumaa, baada ya nikahi, mkwe akanishika mkono mbele ya wageni. Chumba alichokaa bibi harusi kilikuwa kando ya ukumbi tulimokaa, mlango u wazi, kila neno linafika.

"Kijana huyu aliteleza," akawaambia. "Lakini miche yangu ameirudisha yote, themanini kamili. Nimemsamehe."

Watu wakasema mashallah. Wote wakanigeukia, wakingoja niseme nini.

"Ahsante, baba," nikasema.